Mji mdogo hausahau: kwa nini hadithi za miji midogo zinatunasa

Ukiingia vichochoroni Mji Mkongwe ukauliza Jaws Corner, hata mtoto atakupeleka. Ni njia panda ndogo yenye mabaraza. Watu wamekaa na vikombe vyao vya kahawa, dhumna zinagongwa, siasa inachambuliwa, na ukutani kachorwa papa. Jina limetoka kwenye filamu ya Jaws ya mwaka 1975. Watalii humpiga picha papa wakaenda zao, na wenyeji wamemzoea hata hawamwoni tena.

Ile filamu lakini, ukimtoa papa, ni hadithi ya mji mdogo wa kisiwani, Amity, unaokula kwa watalii. Mkuu wa polisi, Brody, ametoka New York. Msichana anauawa baharini usiku, na Brody anataka fukwe zifungwe. Meya hataki kusikia, maana tarehe 4 Julai, sikukuu kubwa ya Marekani, iko mlangoni, na mji usipouza siku zile utakaa na njaa mwaka mzima. Hapo mtu wa Nungwi au Paje hahitaji kufafanuliwa chochote. Anaijua hesabu ya miezi ya wageni na miezi ya masika, na anajua ni maneno gani hayasemwi kwa sauti msimu ukikaribia. Kuna na kipande kingine kifupi ambacho wengi hukipita: mke wa Brody anauliza lini na yeye atahesabiwa mtu wa kisiwani. Mwenyeji anamjibu papo hapo kwamba hilo halitokei, kwani hakuzaliwa pale. Mtu wa kuja ni mtu wa kuja, awe ameshukia Amity au Makunduchi.

Papa yule yule angetokea kwenye ufukwe wa jiji kubwa, watu wangehamia ufukwe wa pili na filamu ingeisha kabla bisi hazijapoa. Ilibidi awe Amity, mahali ambapo meya, polisi, mvuvi na mama aliyefiwa wanakutana kila siku kwenye barabara moja. Mji mdogo unafanya kazi gani hasa ndani ya hadithi, mpaka waandishi wa Marekani, Uingereza, India na Unguja wote waurudie?

Jibu la haraka ni utulivu. Mtu kachoka na foleni na kelele za jiji, anataka kuona barabara moja, mti mmoja, jirani anayemjua kwa jina. Jibu hilo lina ukweli kidogo, na limewapa riziki nzuri watengenezaji wa filamu za Krismasi za televisheni za Marekani, ambazo ukiona moja umeziona karibu zote: mwanamke mwenye kazi kubwa jijini anarudi kwao, anakuta biashara ya familia inataka kufa, anakutana na kijana fundi mwenye moyo safi, na theluji inaanguka kwa wakati wake.

Lakini hebu tazama kinachotokea kwenye miji mingine ya hadithi. St. Mary Mead, kijiji alichokibuni Agatha Christie kwa ajili ya mpelelezi wake Miss Marple, kina bustani, kanisa, chai ya jioni, na maiti. Cabot Cove ya tamthilia ya Murder, She Wrote, iliyorushwa tangu 1984 hadi 1996, ilikuwa na bandari ya kupendeza na mauaji mengi kiasi kwamba lau ungekuwa mji wa kweli, nyumba zake zingeuzwa kwa bei ya kutupa. Mshairi W. H. Auden aliandika insha mwaka 1948 akieleza kwamba hadithi ya upelelezi inataka jamii iliyofungwa, ili muuaji asiweze kuwa mpita njia, na inataka mahali palipo pema, kwa sababu damu ikimwagika mahali pema huonekana zaidi. Kwa hiyo utulivu upo, ila umewekwa pale kama kanzu nyeupe kwenye karamu ya mchuzi.

Daftari la muuza duka

Kuna kitu kingine chini ya utulivu, na kwangu mimi hicho ndicho chenye nguvu: kujulikana. Katika mji mdogo kila kitendo kina mwenyewe, na mwenyewe ana ukoo, na ukoo una kumbukumbu.

Chukua duka la mtaani kule Wete. Kaunta ya mbao, mizani, sabuni ya mche imekatwa vipande, vocha za simu zimening'inizwa, na daftari la madeni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Bibi mmoja wa mtaa huchukua sukari robo kwa siku. Leo kachukua kilo mbili, na maziwa ya kopo, na udi. Mwenye duka hakuuliza kitu, lakini ameshajua kwamba kuna wageni, na kwa sababu ya ule udi ameshajua ni wageni wa namna gani. Mwanamke mwengine alikuwa akilipa taslimu kila mwezi tangu mumewe aende Maskati. Mwezi huu kasema, "Niandikie." Mwezi wa pili, "Niandikie." Kijana wa nyumba ya tatu ananunua vocha mara mbili kwa usiku mmoja, na hana kazi. Mwenye duka hatangazi, ana heshima zake. Yule bibi akipita kesho atamwambia tu, "Wageni wamefika salama?" na bibi atajua kwamba mtaa mzima umeshajua kuna posa.

Kwa mtunzi wa hadithi, duka hilo ni hazina. Jijini, ili mhusika mmoja aijue siri ya mwengine, mtunzi lazima alete simu iliyodukuliwa, kamera, au mpelelezi wa kulipwa. Mji mdogo unampa habari bila gharama, na habari ina miguu: inafika nyumbani kabla ya aliyetenda. Msomaji anajua kwamba mama ameshajua, kijana hajajua kwamba mama ameshajua, na sasa kijana anavua viatu mlangoni. Hapo hakuna haja ya papa.

Kuna na jambo la watu kuvaa kofia nyingi. Mwalimu wako ni mjomba wako. Imamu ni jirani mnayegombania mpaka wa shamba. Polisi mlisoma naye darasa moja na dada yake alikataa posa ya kaka yako. Jijini ukigombana na polisi umegombana na polisi. Hapa umegombana na nusu ya ukoo wako, na Ijumaa mtasimama safu moja. Mkasa mdogo unagusa nyuzi tano kwa wakati mmoja, na mtunzi hakulazimika kuzifunga, kazikuta.

Mwanaanthropolojia Max Gluckman, katika makala yake ya mwaka 1963 kuhusu umbea na kashfa, alidai kwamba kusengenyana ni alama ya uanachama: mgeni haruhusiwi kumsema mtu wa ndani, na mwenyeji asiyejua kumsema mtu kwa adabu zake hajawa mwenyeji. Ukiisoma hoja hiyo ukiwa umekulia visiwani utacheka, kwa kuwa ulijua. Lakini inaeleza kitu ambacho hoja ya utulivu haiwezi kukieleza, yaani ladha anayoipata mtazamaji. Filamu ya mji mdogo inampa kiti barazani. Ndani ya nusu saa anajua nani mlevi, nani mjane, nani anamdai nani, nani alikuwa ampate nani. Mke wa Brody ananyimwa uenyeji kisiwani, lakini sisi tuliokaa mbele ya skrini tunapewa siku hiyo hiyo. Kwa mtu anayeishi ghorofa ya nane na hamjui wa ghorofa ya saba, hiyo si zawadi ndogo.

Bwana Msa na nasaba za watu

Miss Marple hufumbua mauaji kwa njia moja ambayo mwanzo inaonekana kama mzaha. Kila mtuhumiwa humkumbusha mtu fulani wa kijijini kwake: kijana wa muuza nyama aliyekuwa akiiba, mtumishi wa nyumba fulani aliyedanganya. Kijiji chake ni kabati la tabia za binadamu, na yeye anafungua droo tu. Hajasomea upelelezi. Amekaa mahali pamoja muda mrefu akiwa macho.

Sasa geukia kwetu. Mohammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 hadi 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960 na kumleta mpelelezi Bwana Msa duniani. Bwana Msa ana kiko chake na rafiki yake Najum, na anafikiri kwa mantiki kavu, kwa hiyo wahakiki wamekuwa wakimlinganisha na Sherlock Holmes tangu zamani, na hawakukosea. Ila Holmes ni mtu wa jiji. London yake ni kubwa, ina ukungu, na mgeni anaweza kuingia, akaua, akapotea kwenye umati. Holmes husoma matope kwenye kiatu kwa sababu hamjui mwenye kiatu.

Mohammed Said Abdulla alimchukua mpelelezi wa aina hiyo akamshusha mahali ambapo kila mwenye kiatu anajulikana, na hapo kazi ya mpelelezi ikabadilika. Fumbo linabaki kwenye nasaba: nani mtoto wa nani, nani aliolewa na nani kabla ya nani, mirathi ilikwenda wapi. Majina ya vitabu vyake yenyewe yanakuonesha njia: Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Na pale watu wote wanaposema "mzimu", kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa anauliza habari za walio hai. Naona huo ni ubunifu mkubwa kuliko unavyosifiwa madarasani, ambako wanafunzi hufundishwa kuhesabu alichokiazima kwa Conan Doyle, mtunzi wa Holmes, na kuacha alichokigeuza.

Kitabu chake cha pili kinaitwa Kisima cha Giningi, cha mwaka 1968. Giningi kwa watu wa Unguja ni mji wa masimulizi, wanakokutana wachawi, na kila mtu ana jamaa wa jamaa aliyefika au aliyenusurika kufika. Tulikuwa na mji mdogo wa kubuni kabla ya kuwa na jumba la sinema.

Na hofu nayo ina utaratibu wake. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, habari za popobawa, jinamizi la usiku, zilianza Pemba zikaenea Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, moto umewashwa. Kilichofanya habari ile isambae kilikuwa ndani ya habari yenyewe: ilisemwa kwamba aliyetembelewa akinyamaza atarudiwa, kwa hiyo lazima aseme. Sina nia ya kuamua hapa palikuwa na nini na hapakuwa na nini. Ninachokiona ni kwamba jinamizi lile liliumbwa na watu wanaoijua nguvu ya neno lililotoka na ya lililofichwa. Stephen King, aliyejaza vitisho kwenye mji wake wa kubuni wa Derry, anatumia dawa iliyo karibu na kinyume cha hiyo: watu wazima wa Derry wanaona wakageuza uso. Mji mdogo unaweza kukuua kwa kusema, na unaweza kukuua kwa kunyamaza.

Wanaotoka na wanaorudi

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Kama mvuto ni kujulikana, kwa nini filamu nyingi za Marekani zinamrudisha mtu kwao, na riwaya zetu nyingi maarufu zinamtoa mtu kwao?

Angalia Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980. Maimuna anafungiwa ndani kwa ajili ya heshima ya baba yake, Bwana Maksuudi, ambaye huko nje ana mambo yake. Msichana anatoroka kwa msaada wa Biti Kocho, na bei anayoilipa ni kubwa. Angalia Vuta n'Kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa makamo yake mara tatu. Anamwacha, ndugu zake wanamfungia mlango, na anapokewa na Mwajuma, Ng'ambo. Pima umbali huo kwa miguu. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo palikuwa na mkono wa bahari, ukafukiwa, ikawa barabara. Kuvuka ni dakika chache. Lakini Yasmin akishavuka amehama dunia, kwa kuwa waliokuwa wakimjua hawataki tena kumjua. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, iliyooneshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, alizipiga picha kuta na milango ya mji kwa karibu sana, na ule ubanano unausikia kifuani hata kama hukusoma kitabu.

Wamarekani nao walianza hivyo hivyo, jambo ambalo filamu za Krismasi zimelifunika. Sensa yao ya mwaka 1920 ndiyo ya kwanza iliyokuta zaidi ya nusu ya watu wanaishi mijini, na mwaka huo huo Sinclair Lewis alitoa Main Street, riwaya inayoucheka na kuuchapa mji mdogo wa Gopher Prairie kwa ufinyu wake. Ilinunuliwa kwa wingi, na nadhani wanunuzi wengi walikuwa watu waliotoka kwenye miji kama huo na kovu bado halijakauka. Utamu ulikuja baadaye.

Filamu inayoonesha vizuri zaidi mabadiliko hayo ni It's a Wonderful Life ya Frank Capra, ya mwaka 1946. Leo inachukuliwa kuwa kilele cha uzuri wa mji mdogo. Itazame vizuri. George Bailey tangu utotoni anataka kuondoka Bedford Falls aione dunia. Anapewa sanduku kubwa la safari. Baba anafariki, sanduku linabaki. Ndugu yake anakwenda masomoni kwa fedha za George, na kila George akikaribia mlango, mji unamvuta shati. Mwishowe yuko darajani anataka kujirusha mtoni. Anayemwokoa ni malaika, na anamwokoa kwa kumwonesha mji ule ule kama George asingezaliwa. Kuna baa na kamari, lakini kinachomvunja ni mambo mawili: mkewe anamkimbia kama mwendawazimu, na mama yake mzazi anafungua mlango asimtambue. Jahanamu ya filamu ile ni mahali ulipozaliwa ambapo hakuna anayekujua.

Ilipotoka, haikurudisha gharama zake. Iliinuka miaka ya 1970, haki zake zilipoachwa zikaisha mwaka 1974 na vituo vya televisheni vikapata kuirusha bila kulipa, Krismasi baada ya Krismasi. Kwa wakati huo watazamaji wengi walikuwa watoto na wajukuu wa waliotoka. Ule mnyororo uliombana George hawakuwahi kuuvaa, wao waliuona mkono uliomshika.

Nadhani fundo linafunguka hapo. Kujulikana ni kule kule, ila anayetoka leo anauona kama kamba, na mjukuu wake anauona kama mbeleko. Uingereza ilivuka nusu ya watu kuwa wa mijini mwaka 1851. Marekani ilichukua karibu miaka 70 zaidi. Sisi hatujafika mbali na siku za kutoka. Waandishi wa Unguja wa miaka ya 1970 hadi 1990 walikuwa wakiandika wakiwa na kamba mguuni bado, na walikuwa na sababu zaidi ya umbea: ukoloni, Mapinduzi, hofu ya miaka iliyofuata. Mtu aliyewahi kuogopa jirani kwa sababu jirani anaweza kumpeleka ripoti hawezi kuandika wimbo wa kusifu ujirani.

Abdulrazak Gurnah yuko kati ya pande hizo mbili. Aliondoka Unguja akiwa kijana miaka ya 1960, akaenda Uingereza, akapata Nobeli ya Fasihi mwaka 2021. Paradise yake ya mwaka 1994, ambayo sasa inasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, inaanzia Kawa, mji mdogo uliokua kwa ajili ya reli ya Wajerumani kisha ukadorora. Kijana Yusuf anachukuliwa kwenye treni kama amana ya deni la baba. Nimeona pia kwamba Malgudi, mji wa R. K. Narayan wa India aliouanza mwaka 1935, nao una stesheni. Mji mdogo wa hadithi karibu daima una tundu moja la kuingilia na kutokea, na mikasa miwili mikubwa inapita hapo: mgeni kashuka, mwenyeji kapanda. Kwetu tundu hilo ni gati.

Lakini By the Sea, ya mwaka 2001, ndiyo inayonishughulisha zaidi. Mzee Saleh Omar anaomba ukimbizi Uingereza kwa jina la mtu mwengine. Mwenye jina hilo ana mwana, naye yuko Uingereza. Wawili hao wanakutana, maelfu ya maili kutoka kwao, na wanachozungumza ni nyumba, deni na fedheha za mtaa mmoja wa mji wao wa pwani. Kwa hesabu ya jiji, kukutana hivyo ni bahati isiyoaminika. Kwa mtu wa Unguja ni Jumanne. Nenda London, nenda Toronto, utakutana na mtu atakayekuuliza, "Wewe wa nyumba ya nani?" na ukimjibu ataijua kesi ya babu yako.

Hela nazo zina sehemu yake, ingawa si kubwa kama wanavyodhani wanaosema kila kitu ni biashara. Mji mdogo ni rahisi kupigwa picha: mtaa mmoja, duka, msikiti au kanisa, nyumba mbili. Studio ya Universal ina uwanja wa mahakama uliojengwa kwa ajili ya filamu tu, na ndio uliokuwa Hill Valley katika Back to the Future ya 1985. Vijana wetu wanaorekodi vichekesho vya simu kwenye baraza moja wamegundua hesabu hiyo hiyo bila ya studio.

Eka tatu za mikarafuu

Kinachobadilika visiwani ni idadi na mahali pa kukaa. Sensa ya 2012 iliwakuta Wazanzibari 1,303,569. Ya 2022 iliwakuta 1,889,773, na kati yao 543,441 wako Pemba. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejenga pembezoni mwa mji wa Unguja, kwenye mitaa mipya ambako nyumba zina kuta ndefu na geti la chuma, na jirani humjui mpaka umeme ukatike. Mabaraza hayakujengwa kule. Watoto wanaokulia huko ndio watakaotaka hadithi ya kurudi, na nadhani watazitaka mapema kuliko tunavyofikiri.

Bahati ni kwamba Pemba imeshawawekea mkasa tayari. Ichukue ile ile hadithi ya Krismasi: mwanamke mwenye kazi nzuri Unguja anashuka gatini Mkoani, kaitwa kwa sababu baba ni mgonjwa. Mali ya familia ni eka tatu za mikarafuu, zile zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, na warithi ni saba, na hati ni karatasi moja iliyokunjwa ndani ya msahafu. Msimu umeingia. Karafuu zinachumwa, zinachambuliwa makonyo, zinaanikwa kwenye majamvi uani na barabarani, na mvua ikitishia mtaa mzima unatoka mbio kuanua, hata karafuu za mahasimu. Sheria inataka karafuu iuzwe kwa shirika la serikali, ZSTC. Ng'ambo ya maji iko Kenya, na kwa miaka mingi kumekuwa na watu wanaovusha magendo usiku wakifuata bei.

Basi ndugu mmoja kavusha magunia. Gunia la karafuu halifichiki, harufu yake inatangulia mbele ya mbebaji, kwa hiyo waliojua walikuwa wengi na walionyamaza walikuwa wengi. Siku ya nne chombo kinakamatwa, kwa maana mmoja kasema. Hapa Hollywood ingeleta mtaalamu wa alama za vidole. Bibi wa nyumba ya jirani, aliyekaa ukumbini anachambua mchele, angeuliza tu nani siku ya nne hakuja kuanua majamvi ya wenziwe mvua ilipoanza, na kwa nini juzi mkewe kalipa deni lote dukani.